Kipimo Kilichonyamaza

3 Machi

Dada,

Bahasha yako imefika imechanika pembe moja, lakini hakuna kilichopungua. Mimi mzima, wifi yako mzima, cherehani yake nzima. Kilichokufa ni simu yangu. Usiniulize imekufaje. Niliifungua kuangalia kamera yake tu, nikajikuta vipande vimejaa meza na hamu ya kuendelea bado ninayo.

Ule ukurasa wa jamaa aliyenasa sauti ya setilaiti kwa waya wa kuanikia nguo umeninyima usingizi. Nimejaribu. Nimepata mlio kama wa mtu anayekwangua sufuria, nikapiga ukelele mpaka wateja wa wifi yako pale barazani wakadhani nimepigwa shoti. Hivi hawa watu wanatoa wapi akili hizi, halafu wanazigawa bure? Sisi huku mtandao mpaka upande juu ya tangi la maji, na hata ukipanda unapata nusu ya picha. Bila wewe na hicho chumba chako cha kompyuta pale maktaba, ningekuwa natengeneza pasi za watu mpaka naingia kaburini.

Ila nikukemee kidogo, ingawa wewe ni mkubwa. Bahasha nene kama tofali, nafungua, nusu yake maoni ya watu! Huyu anasema asante, yule anasema yeye alifanya vizuri zaidi, wa tatu anamtukana wa pili. Porojo za kijiweni hizo, dada. Nitumie mchoro na majina ya vipuri, basi. Maoni kata, tupa. Mimi fundi, sio mpambe wa ugomvi wa watu.

Na kile kipimo cha mionzi ulichonidokeza, kinacholia tik tik, nakitaka. Hapa mjini hakuna fundi mwenye nacho.

Mdogo wako,
Bisibisi

14 Machi

Bisibisi,

Nani amekufundisha kukemea wakubwa? Nimekubeba mgongoni mpaka kiuno kikapinda, leo unanifundisha kuchapisha karatasi. Haya, bwana fundi. Maoni nimeyakata. Ungejua unachokosa! Mimi ndiyo ninayoyasoma kwanza, ndiko kwenye utamu. Lakini mwenye njaa ndiye anayejua anachokula.

Leo nimekuvulia vitu vinne. Wa kwanza ni mzee mmoja aliyetengeneza saa kwa mota za printa mbovu. Inachelewa lakini inapendeza. Wa pili ni binti anayegeuza spika za zamani kuwa maikrofoni. Cha tatu ni kile kipimo chako: mchoro wote, vipuri vyote, na nimepata duka la mtandaoni linalouza lile bomba lake la kioo lenye gesi, lililotolewa kwenye mabohari ya zamani. Nimekuagizia moja. Litakuja kwa posta. Ukilivunja usinililie.

Cha nne sicho cha ufundi, ni cha sokoni. Uliniambia unataka madini ya risasi ya kuyeyusha. Kuna muuza vyuma chakavu, mji wa pili kutoka kwenu, ameweka tangazo: kichwa cha mashine ya kale ya hospitali, ndani kimejaa risasi, kizito ajabu, mwenye nguvu aje abebe. Picha nimekuchapishia. Watu wa hapa chumbani waliiona wakacheka, wakasema huyo anauza mzigo usio na wa kuubeba. Mimi nikasema namjua mmoja atakayekinunua.

Mpe wifi salamu. Mwambie zile kanga alizonishonea magauni zimenitoa chumbani kama malkia.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Umenipata! Nimekinunua. Tulikishusha watu wanne kutoka kwenye pikapu, mmoja akaapa hanibebei tena kitu maisha yake yote. Kimekaa katikati ya karakana, na mlango umebaki wa kupita kwa ubavu.

Kwanza habari ya kipimo. Bomba lilifika salama na nimekimaliza. Dada, kinalia! Nimekiweka kwenye saa ya marehemu baba, ile yenye namba zinazong'aa gizani, kikaanza tik, tik-tik, tik. Nilikaa pale nasikiliza saa ya baba kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Lehemu zangu zote safi, hakuna hata moja iliyonisumbua.

Sasa sikiliza kioja. Kile kichwa cha mashine nilikifungua kwanza, kwa sababu unanijua, kufuli likinitazama siwezi kulala. Katikati ya risasi kulikuwa na droo ya chuma, na kwenye droo kuna kipande kimoja kidogo kama kidole gumba, kinang'aa, kizito kuliko umbo lake. Kizuri! Hakina hata ukungu wa kutu. Nikakitoa nikakiweka mezani. Nikasema, hebu nisiwe mjinga, mashine ya hospitali hii, nikipime. Nikatoka na kipimo nyumbani. Uani kikaanza kulia. Mlangoni kikawa kinalia kama mahindi kikaangoni, nikashtuka kweli. Nikapiga moyo konde nikasogea mpaka mezani, na nilipokiweka juu ya kile kipande chenyewe, kimya. Kimya kabisa, dada. Nikakirudisha nje, kikalia. Mezani, kimya.

Nimefikiri sana. Jirani yangu anachomelea mageti kutwa, na umeme wake unavuruga kila redio ninayoifungua. Kelele za uani ni zake. Chuma chenyewe ni safi. Kingekuwa na kitu, si kipimo kingelia zaidi pale pale juu yake? Basi nimekifanya kigandamizo: nikigundisha kitu kwa gundi, nakiwekea hicho juu. Kinakaa vizuri kuliko jiwe.

Ila kamera niliyotoa kwenye simu imeharibika. Kila picha imejaa chenga. Nitumie mchoro wa nyingine, na kama kawaida, bila porojo.

Mdogo wako,
Bisibisi

9 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Leo naandika mimi, na naandika nimejificha, ndugu yako hajui. Naomba ukae kitako kwanza.

Nadhani nimepata. Sijaona mwezi wangu, na wiki hii nzima natapika. Nikimpelekea chai karakana nikakaa naye tunywe, nikitoka tu tumbo linageuka. Miaka yote hii wifi, wewe unajua. Unajua na maneno niliyoyasikia kwa watu, na wewe peke yako hukuwahi kuniambia hata moja. Sijaenda kupima, naogopa kuambiwa hapana. Acha nifurahi kidogo kabla ya vipimo.

Na hiki kitakuchekesha. Yeye ndiye anayetapika zaidi yangu! Watu wazima wanasema mimba nyingine humwacha mke ikamkamata mume. Nimemwambia, imekukamata, na utaikoma. Analala mchana, hali, anasema mdomo una ladha ya chuma. Jana jirani amemletea ndimu kama mjamzito. Tulicheka mpaka machozi.

Harufu yake imenikataa kabisa. Akiingia chumbani kichefuchefu kinapanda. Nimemwambia samahani mume wangu, si mimi, ni mtoto. Naye hakununa. Amechukua godoro amelipeleka karakana, anasema bora alale na vyuma vyake, vyenyewe havimwambii ananuka.

Vidole vyake vya mkono wa kulia vimekuwa vyekundu, vimevimba, anasema ni asidi ya betri. Usimwambie kama nimekuambia, hapendi nimfanye mtoto.

Niombee.

Wifi yako

18 Aprili

Wapendwa wangu wawili, au niseme watatu,

Wifi nisamehe, siri imenishinda: nimesoma barua yako nikapiga kigelegele humu humu maktaba, penye kibao cha NYAMAZA. Mkuu wangu amekuja mbio, nikamwambia, kanifukuze kazi, leo sijali.

Bisibisi, eti unatapika? Vizuri sana. Tangu lini mwanaume akaonja? Tulia uonje. Nimenunua kitambaa laini cheupe, wifi atashona mwenyewe, mimi mikono yangu ni ya kubonyeza tu. Wifi, kapime, usiogope. Hata ikiwa hapana, wewe ni ndugu yangu vile vile.

Bisibisi, ukishika asidi vaa glavu. Nasema tu.

Na kile kipimo kunyamaza kumenikera kidogo. Nakijua kichwa chako, ukishapata jibu linalokufaa huulizi tena. Chumba chetu kimefungwa, wanabadilisha mashine. Kikifunguliwa nitaingia mtandaoni nikuulizie kwa hao mabingwa. Mpaka nikujibu, kipande hicho kitoe mezani ukirudishe ulikokitoa. Sina sababu. Fanya kwa ajili ya dada.

Dada yenu

20 Aprili

Dada,

Nadhani hii itapishana na yako njiani. Usishangae mwandiko, nimeandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umepata malengelenge, umenitia uvivu. Asidi. Nimejitakia.

Mimba hii, dada, naona ina chuki na mimi binafsi. Leo nimechana nywele zikabaki kwenye kitana. Nimenyoa zote ili wifi yako asizione, nikamwambia joto. Akaniambia nimependeza! Ufizi unatoa damu nikipiga mswaki. Mtoto huyu akizaliwa nitamdai nywele zangu.

Nakuambia wewe kwa sababu wewe huogopi kitu. Mwenzio ana furaha ambayo sijawahi kuiona tangu nimuoe, anaimba akikanyaga cherehani. Nisimharibie. Nikipata nguvu nitakwenda zahanati kimya kimya. Kwa sasa nalala sana, na hata kazi nafanya nimelala, vitu vyangu vyote viko mkono mmoja kutoka kwenye godoro.

Ule mchoro wa kamera bado naungoja.

Bisibisi

27 Aprili

TOKENI HUMO NDANI.

Ukisoma hapo, usimalize barua. Toka karakana na umtoe mkeo, funga mlango, nendeni mbali, mbali kabisa, uende hospitali kubwa useme umeshika chuma cha mashine ya mionzi. Usikiguse kukirudisha. Usiingie kuchukua chochote. Chochote!

Nimeuliza mtandaoni, nimejibiwa. Kipimo kilinyamaza kwa sababu mionzi ni mingi mno, kimelemewa. Sio asidi, Bisibisi. Sio mimba inayokutapisha.

Simu ya wifi haipatikani, yako iko vipande vipande, nyie watu mtaniua. Nimepiga posta ya kwenu, mlinzi akasema wamefunga. Nimepiga hospitali, nimepiga polisi, nimeambiwa ningoje, kila mtu ananiambia ningoje. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, ameapa ataileta mpaka mlangoni. Mimi napanda basi linalofuata. Mdogo wangu, nakuomba, nisikukute humo.

Dada

16 Mei

Dada,

Anayeandika ni wifi yako, mimi nasema tu. Mikono yote miwili imefungwa kama ya bondia.

Tangu uondoke wamenihamishia chumba cha mwisho, cha peke yangu. Nilikuona nyuma ya kioo cha dirisha ile siku, ukanipungia mkono huku unalia. Umezeeka, dada. Usinikasirikie, niko kitandani, nina ruhusa ya kusema lolote.

Wataalamu walikuja na gari lao wakakichukua kile kipande kwa koleo ndefu, wakakiweka kwenye pipa la risasi. Wanasema kilikuwa kimechubuka, na vumbi lake limesambaa mpaka mwilini mwangu. Mmoja alikuja hapa kunihoji. Nikamuuliza yeye kwanza. Nikamwambia, mimi nilipima! Sikuwa mtu wa kushika kitu ovyo. Nilitengeneza kipimo, nikapima, kikanyamaza. Kosa langu lilikuwa wapi? Alisema ataniletea jibu, hajarudi. Dada, hicho ndicho kinachoniuma kuliko hii mikono. Nalala nafuata saketi kichwani, kutoka betri mpaka spika, kila lehemu naiona. Je, kapasita niliweka kubwa mno? Au lile bomba lilikuwa bovu? Niambie kwa kirefu, kwa sababu hawa wanaongea na mimi kama mtoto.

Na hili nijibu kweli. Ule ukurasa ulionitumia, haukuwa na neno lolote kuhusu kunyamaza? Neno hata moja? Nimejitahidi kukumbuka, sikumbuki.

(Wifi, hapa ni mimi, yeye amesinzia. Damu yangu si nzuri lakini wanasema nitapona. Walinipima na lile jingine. Hakukuwa na kitu. Hakikuwahi kuwepo. Yeye bado hajui, bado anaulizia jina. Daktari amenivuta pembeni akaniambia nimuandae. Mjibu haraka swali lake, ndilo linalomnyima usingizi.)

Bisibisi, na wifi yako

22 Mei

Mdogo wangu,

Sikiliza, na wifi akusomee polepole.

Kipimo chako kilikuwa sahihi. Nimewauliza mabingwa, wameangalia mchoro, wamesikia ulichokitengeneza na jinsi kilivyolia kwenye saa ya baba. Wote wamesema fundi huyu hakukosea mahali. Bomba lile hufanya kazi hivi: mwonzi ukipita, linatoa mlio mmoja, halafu linahitaji kupumua kidogo kabla ya kutoa mwingine. Pale mezani mionzi ilikuwa mingi kiasi kwamba halikupata nafasi ya kupumua hata mara moja. Likakabwa. Hakuna kapasita ya kulaumiwa. Hakuna lehemu ya kulaumiwa. Kelele za uani hazikuwa za jirani, zilikuwa kipimo chako kinafanya kazi yake vizuri kabisa.

Ukurasa nimeupitia tena wote, kuanzia juu mpaka chini. Haukuwa na neno lolote kuhusu kunyamaza. Usingeweza kujua. Hakuna ambaye angejua. Acha kufuata saketi, lala.

Tangu ukiwa na kimo cha meza nilikuwa najua huyu ataona vitu ambavyo sisi hatuvioni. Nilikuwa nakutumia zile karatasi ili nipate barua zako za kurudi, sikuwa nikielewa hata nusu ya michoro. Nakupenda. Sijawahi kukuandikia neno hilo, nikadhani bahasha zinatosha.

Dada yako

30 Juni

Wifi,

Unajua tulivyomzika. Ulisimama ng'ambo ya ule utepe wao pamoja na mimi, ukaona jeneza lilivyo zito na saruji ilivyomwagwa. Sina haja ya kuyarudia.

Barua yako ilimkuta hai. Nilimsomea mara tatu. Nilipofika pale pa "fundi huyu hakukosea mahali" alinirudisha, nisome tena. Akasema, "Umesikia, mke wangu?" Nikasema nimesikia. Hakuuliza tena swali lile. Usingizi wake ulikuwa mzuri siku mbili hizo za mwisho, na nilikushukuru kwa moyo wangu wote, nikakuombea kila nilipokumbuka.

Juzi yule mtaalamu aliyeahidi kurudi amerudi. Hakujua kama mume wangu ameshakufa, masikini, alibaki ameshika kofia. Nyumba wameizungushia uzio, kwa hiyo alinikuta kwa mama, nashona kwa sindano ya mkono kwa sababu cherehani yangu hawajanirudishia. Alikuwa na karatasi. Alisema ameutafuta ule ukurasa wa kipimo mtandaoni, ameuchapisha wote, anataka nimthibitishie kama ndio huo.

Ndio huo. Mchoro ni ule ule. Lakini wake ulikuwa mrefu kuliko wetu. Chini ya mchoro kuna maoni, na la kwanza kabisa, la juu, linasema: onyo, kifaa hiki kikiwa mbele ya mionzi mikali hunyamaza; kikilia kisha kikanyamaza ghafla, usisogee mbele, kimbia.

La kwanza, wifi. Halikuhitaji hata kutafutwa. Mtu yeyote angelisoma.

Wewe ndiye uliyechapisha. Wewe uliyakata. Kwa nini? Ulikuwa unaokoa karatasi? Na alipokuuliza, mtu amelala hawezi kujigeuza, akakuuliza haukuwa na neno hata moja, ukamjibu umeusoma kuanzia juu mpaka chini! Ulijua. Ulijua siku ile ulipotuandikia tutoke. Ukamdanganya mtu anayekufa ili usionekane mbaya, na ukanifanya mimi, kwa mdomo wangu huu, nimsomee uongo wako mara tatu.

Nilikuwa nakuita ndugu. Nilikuambia wewe kabla ya kumwambia mama yangu mzazi. Nijibu jambo moja tu, uliyakata au hukuyakata, halafu usiniandikie tena.

Mke wa marehemu ndugu yako

10 Julai

(haikutumwa)

Wifi,

Ni yeye! Ni yeye aliyesema kata, tupa. Barua zake ninazo zote hapa mbele yangu, ya Machi imeandikwa kwa wino wa kijani: maoni kata, tupa. Na ya Aprili: bila porojo. Mimi nilitaka kuyatuma. Mimi ndiye ninayeyasoma siku zote, na safari ile moja tu sikuyasoma, kwa sababu mkuu alikuwa anafunga mlango na yeye hakuyataka. Siku chumba kilipofunguliwa nikashuka chini ya mchoro, nikaliona, la kwanza, la juu, kama unavyosema, nikakaa sakafuni.

Ulitaka nimjibu nini? Unaniuliza kwa nini nilimdanganya. Alikuwa anatafuta kosa lake. Ningemwambia kosa lako ni hili, mdogo wangu, onyo lilikuwepo na wewe mwenyewe kwa mkono wako uliniagiza nilitupe? Ningempa hilo aondoke nalo? Wewe ungempa? Na wewe ungemsomea hilo mara tatu?

Unanionea, wifi. Wallahi unanionea. Na mimi nimefiwa. Nimefiwa na mtu niliyemlea, na sina wa kumlilia ila wewe. Nitakutumia barua zake uzisome mwenyewe, uone mwandiko, halafu uniambie kama

12 Julai

Wifi,

Barua yako imenifika. Umeniuliza jambo moja na nakujibu.

Niliyakata mimi. Ukurasa ulikuwa mrefu, nikaona uvivu kuchapisha wote, nikajiambia maoni ya watu hayana maana. Sikumwambia kama yapo. Angeyajua angeyasoma, unamjua mumeo alivyokuwa mwangalifu na kazi yake. Alipouliza, niliogopa kusema.

Yeye hana kosa lolote katika hili. Alipima, na alipima vizuri. Watu wakikuambia alikuwa mzembe, usikubali.

Kile kitambaa cheupe kilichobaki kwako, kigawe au kitupe, unavyoona wewe. Sitakuandikia tena.

Dada yake